Safari ndefu na Land Rover ya zamani: Piga hesabu ya mafuta hivi, usije ukakwama porini

Siku ya tatu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, saa kumi na nusu jioni, Land Rover 109 ya mzee wangu ilikohoa mara mbili, ikatingishika, ikanyamaza. Geji ya mafuta bado ilikuwa inaonyesha robo tenki.

Nyuma walikaa mama na wanangu wawili. Kambi ilikuwa kama kilomita 20 mbele. Simu haina mtandao. Kutembea kwa miguu hifadhini bila askari hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, nani ashuke? Asubuhi ile ile tulikuwa tumewaona simba wakivuka barabara hiyo hiyo.

Gari la kwanza lililopita lilikuwa Land Cruiser ya watalii. Dereva alisimama, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Pole sana kaka. Mimi ni dizeli."

La pili, dizeli. La tatu lilikuwa la familia moja, gari la petroli, na kwa bahati walikuwa na kidumu cha akiba. Wakatupa lita 10. Tulifika kambini giza likiwa limeshaingia, mama hasemi neno.

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe mwenye gari la zamani la kupanda milima. Iwe Land Rover ya babu, iwe Land Cruiser ya miaka ya sabini, unataka kwenda mbali na unajiuliza: litakula lita ngapi? Hesabu yake si ngumu. Ila ina mitego, na mimi niliiingia karibu yote.

Kosa langu lilikuwa wapi?

Rafiki aliniambia, "Hiyo mia na tisa inakupa kilomita 8 kwa lita." Nikaamini.

Toka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Kwenda na kurudi 260. Nikaweka kilomita 80 kwa siku za kuzunguka kuangalia wanyama, siku tatu, yaani 240. Jumla 500. Nikagawa kwa 8, nikapata lita 62.5.

Tenki letu ni lita 68. Nikaongeza dumu moja la lita 20 "kwa usalama". Nikajiona mjanja.

Ukweli ni kwamba gari lile halijawahi kutoa kilomita 8 kwa lita hata siku moja. Na hata namba ya kweli ya barabara ya lami haifai kutumika porini. Hayo ni makosa mawili, na kila moja peke yake linatosha kukulaza njiani.

Hatua ya 1: Jua namba ya gari lako, si ya rafiki yako

Magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja, yanaweza kupishana sana kwenye ulaji. Moja kabureta yake imechoka, jingine limebadilishwa difu, la tatu lina keria kubwa juu. Kwa hiyo pima la kwako.

Njia ya uhakika ni ya fulu hadi fulu:

1. Jaza tenki mpaka juu, gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Andika namba iliyo kwenye mita ya umbali.

2. Tembea angalau kilomita 200 kwa mwendo wako wa kawaida wa safari. Kwa wa Dar, kwenda Chalinze na kurudi kunatosha.

3. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena mpaka pale pale. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia.

4. Gawa kilomita kwa lita.

Mfano: mita imesogea 128, pampu imeingiza lita 34.3. Ukigawa haraka haraka unapata 3.7. Unashtuka, gari linakunywa kama ng'ombe!

Subiri. Huo ndio mtego wa kwanza.

Mita yako inahesabu maili au kilomita?

Land Rover nyingi za zamani zilitengenezwa kwa vipimo vya Uingereza, na mita zake zinahesabu maili. Maili moja ni kilomita 1.609. Kwa hiyo 128 ni maili, sawa na kilomita 206. Sasa gawa: 206 kwa 34.3 ni kilomita 6 kwa lita. Hapo sawa, kwa 109 ya petroli yenye injini ya lita 2.25 hiyo ni namba ya kawaida.

Ukisoma kitabu cha gari, utakuta "maili kwa galoni". Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Ukizichanganya hizo mbili, hesabu yako inapotea kwa karibu asilimia 20. Kwa kitabu cha Kiingereza cha Uingereza, zidisha namba kwa 0.354 upate kilomita kwa lita. Maili 18 kwa galoni ni kilomita 6.4 kwa lita. Kwa kitabu cha Marekani, zidisha kwa 0.425.

Tairi nazo zinadanganya

Mita inahesabu mizunguko ya tairi, haijui ukubwa wake. Ukifunga tairi zenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 5 kuliko za kiwandani, mita ikisema kilomita 100 wewe umeshatembea 105. Utadhani gari linakula zaidi kumbe linakula kidogo pungufu ya unavyofikiri.

Dawa unayo mkononi. Washa programu ya ramani kwenye simu, irekodi umbali wa safari, kisha linganisha na mita ya gari. GPS ya simu inafanya kazi hata pasipo na mtandao, mradi umepakua ramani mapema. Mita ikisoma 95 pale simu inaposoma 100, basi kila namba ya mita iongeze kwa kiasi hicho.

Hatua ya 2: Gawa safari vipande vipande

Hakuna safari ndefu yenye namba moja ya ulaji. Chukua Dar hadi Ruaha. Kuna lami, kuna mlima wa Kitonga, kuna vumbi na makorongo, kuna kutambaa nyuma ya tembo. Kila kipande kina ulaji wake.

Lami. Hapa adui ni upepo. Land Rover ya zamani ina uso kama kabati. Upinzani wa upepo hauongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, unapanda kwa zaidi ya nusu. Na hizi gari zina gia nne tu, hivyo ukikimbiza, injini inalia na mafuta yanakwenda. Endesha 70 hadi 80. Utachelewa kidogo ila utafika.

Mzigo na milima. Watu watano, mahema, maji, jiko, madumu, keria juu. Ukipima gari likiwa tupu halafu ukasafiri limejaa, punguza namba yako kwa angalau asilimia 10. Kutoka kilomita 6 unabaki na 5.4.

Miinuko. Iringa mjini iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Magari ya kisasa yana kompyuta inayopunguza mafuta ili yaendane na hewa. Kabureta haina akili hiyo, inaendelea kumimina kama vile uko Kariakoo. Mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta, nguvu inapungua, wewe unakanyaga zaidi. Ulaji unapanda pande zote mbili.

Barabara ya vumbi. Gia ya tatu, ya pili, breki, tena gia. Kila unapopunguza mwendo na kuuanza upya unalipa. Punguza asilimia 20 ya namba yako ya lami. Kwenye mfano wetu ni kilomita 4.8 kwa lita.

Ndani ya hifadhi. Mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi unatembea 20 au unasimama injini ikinguruma ili watoto wapige picha. Ukibonyeza kitufe cha njano kwa mkono magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Ukivuta mti mwekundu wa gia nzito, injini inazunguka karibu mara mbili zaidi kwa umbali ule ule. Hapa hesabia kilomita 4 kwa lita, na kama ni mchanga au matope, hesabia 3.

Sasa iweke safari nzima kwenye karatasi:

Dar – Iringa: km 500 ÷ 5.4 = lita 93

Iringa – Msembe: km 130 ÷ 4.8 = lita 27

Mizunguko hifadhini: km 240 ÷ 4 = lita 60

Msembe – Iringa: km 130 ÷ 4.8 = lita 27

Iringa – Dar: km 500 ÷ 5.4 = lita 93

Jumla: kilomita 1,500, lita 300.

Ile namba ya rafiki yangu ya kilomita 8 ingenipa lita 188 tu. Pengo ni lita zaidi ya 110. Hilo si kosa la kalamu, ni tenki moja na nusu.

Hatua ya 3: Tafuta kipande kisicho na sheli

Jumla ya lita 300 ni ya bajeti. Haikulazi porini. Kinachokulaza ni kipande kirefu kati ya sheli moja ya uhakika na nyingine.

Kwa Ruaha, ichukulie Iringa mjini kuwa sheli yako ya mwisho na ya kwanza. Yaani kutoka Iringa, kwenda, kuzunguka, hadi kurudi Iringa: 27 + 60 + 27 = lita 114.

Juu yake weka akiba ya asilimia 25. Hii ni kwa ajili ya barabara iliyokatika na mvua ukazunguka, usiku wa kupotea njia, au kumvuta mwenzako aliyenasa. 114 mara 1.25 ni kama lita 143.

Je, gari linabeba? Tenki la lita 68 halikupi lita 68. Bomba la kuvuta halifiki chini kabisa, na huko chini ndiko kwenye uchafu na maji. Toa lita 5, hesabia 63. Zinazobaki ni 80, yaani madumu manne ya lita 20.

Mimi nilibeba dumu moja. Nilikuwa na lita 83 za kutumika, 27 ziliishia kwenye kwenda, zikabaki 56. Kwa kilomita 4 kwa lita hizo ni kilomita 224. Na mizunguko yetu ilikuwa 240. Ukitazama hesabu hii, tulikuwa tumeshapangiwa kukwama siku ya tatu jioni tangu tulipotoka Iringa. Simba hawakuhusika.

Kanuni hii inafanya kazi hata kwenye lami. Lita 63 ukizigawa kwa 1.25 unapata kama 50. Mara 5.4 ni kilomita 270. Huo ndio umbali wako salama kati ya sheli na sheli. Morogoro hadi Iringa ni kama kilomita 310, hivyo usipite Mikumi mjini bila kuongeza, hata kama geji inakuambia bado.

Usiiamini geji

Geji za magari haya zinategemea boya ndani ya tenki. Likinasa, sindano inabaki pale pale. Ukiwa kwenye mteremko inasoma kingine, kwenye mlima kingine.

Siku moja ukiwa na tenki karibu tupu, nenda sheli uweke lita 5, washa, soma sindano, andika. Weka 5 nyingine, andika tena, mpaka ijae. Mhudumu wa pampu atakuona wa ajabu, mlipe tabasamu. Mwisho utakuwa na karatasi inayokuambia "robo" ya gari lako ni lita ngapi hasa. Ya kwetu, robo ilikuwa sifuri.

Njiani, daftari ndiyo geji yako. Kila unapojaza andika lita, mita, na mahali. Baada ya mara mbili utajua kama gari linafuata hesabu au limeanza kula zaidi. Likila zaidi ya asilimia 15 juu ya ulivyopanga, simama utafute sababu kabla hujaacha lami.

Hatua ya 4: Beba petroli bila kujiua

Lita 80 za petroli zina uzito wa kama kilo 60. Ni sawa na abiria mmoja, tena abiria anayewaka.

Tumia madumu ya chuma yaliyotengenezwa kwa mafuta, yenye mfuniko unaobana. Dumu la mafuta ya kula au la maji halifai. Usilijaze mpaka shingoni: petroli inatanuka ikipata joto, lita 20 zinaweza kuongezeka kwa karibu nusu lita mchana wa jua kali. Acha nafasi.

Madumu yakijazwa yawe chini, juu ya ardhi, siyo ndani ya gari. Yasikae pamoja na abiria, mvuke wake unalewesha na cheche moja inatosha. Yakiwa mengi kwenye keria, gari linakuwa zito juu na linaweza kupinduka kirahisi kwenye kona au korongo. Yafunge nje kwa nyuma kwenye fremu imara, au nyuma kabisa ya gari la wazi. Na ufikapo mahali tambarare siku ya kwanza, mimina madumu mawili tenkini mapema, upunguze hatari.

Kumbuka na lile la dizeli. Magari mengi ya kitalii huko porini yanatumia dizeli. Ukiwa na gari la petroli, usipange kuomba. Ukiwa na Land Rover ya dizeli, kanuni zote hapo juu ni zile zile, ila namba pima yako. Kwa kawaida itakuwa nzuri zaidi.

Hatua ya 5: Punguza ulaji kabla hujaondoka

Wiki mbili kabla ya safari, mpelekee fundi gari na umwambie aangalie haya:

• Choki. Ikibaki imevutwa nusu baada ya gari kupata moto, unamwaga mafuta njia nzima. Waya wake ukishika kutu haurudi wenyewe.

• Plagi. Zitoe uziangalie. Nyeusi zenye masizi ni dalili ya mafuta mengi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe ni dalili kwamba mafuta ni machache na injini inaungua.

• Chujio la hewa. Kwenye Land Rover za zamani lina oili ndani. Vumbi likijaa, injini inabanwa pumzi. Safisha, badili oili yake.

• Breki. Baada ya kuendesha, karibisha mkono kwenye kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto sana kuliko nyingine, breki zinashika, na unavuta mzigo usiouona.

• Mipira ya mafuta. Harufu ya petroli ndani ya gari si "kawaida ya gari la zamani". Ni uvujaji, unakula pesa na unaweza kuwasha moto.

• Upepo wa tairi. Tairi laini linafaa kwenye mchanga tu. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza.

Sisi tulikuta mambo matatu kati ya hayo tuliporudi: choki ilikuwa haifungi vizuri, plagi nyeusi tii, na breki ya nyuma kulia inashika. Baada ya matengenezo gari lile lile, njia ile ile ya Chalinze, lilitoka kilomita 5.3 hadi 6 kwa lita. Kwa safari ya kilomita 1,500 ya lami hiyo ni lita 33 zilizookolewa.

Pesa je?

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Bei hutofautiana kwa mkoa, na kadiri unavyokwenda mbali na bandari huwa inapanda. Angalia bei ya mikoa utakayopita, usitumie ya Dar peke yake.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, lita ni Sh3,000. Lita 300 ni Sh900,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, unakuwa na Sh990,000. Sehemu yake iwe taslimu, maana si kila sheli ya njiani ina mtandao wa kulipia kwa simu. Akiba yako ya porini usipoitumia haipotei, inakurudisha Dar.

Kwa ufupi, andika hizi kwenye simu yako

Namba ya gari = kilomita za kweli ÷ lita, fulu hadi fulu.

Lami na mzigo: toa asilimia 10. Vumbi: toa asilimia 20. Hifadhini: hesabia theluthi mbili tu ya namba yako.

Kipande kisicho na sheli: jumlisha lita zake, zidisha kwa 1.25.

Tenki: toa lita 5 za chini. Zinazopungua, beba kwa dumu.

Mwaka uliofuata tulirudi Ruaha na gari lile lile, madumu manne nyuma na daftari kwenye dashibodi. Tulipoingia Iringa tukiwa njiani kurudi Dar, lita kama 25 zilikuwa zimebaki. Safari hii mama ndiye aliyekuwa anaandika namba, na kila tulipofika sheli aliuliza kabla yangu: "Mita inasemaje?"